Jini Aliyekosa Nafasi Kifuani mwa Yakub

Umeme ulipokatika adhuhuri ile, mtaa mzima wa wasaga akiki, mawe ya shanga, ulinyamaza kwa mpigo, isipokuwa gurudumu moja. Rehana aliinua kichwa kutoka kwenye tasbihi aliyokuwa akiitunga. Mlio ulitoka ndani mwao. Alidhani kaka yake Yakub amerudi kazini, lakini Yakub alikuwa amelala pale pale barazani, mdomo wazi, akivuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwenye kitambaa.

Akaenda kuchungulia. Katika chumba kile kile walimokula na kulala, gurudumu la kusagia mawe lilikuwa likizunguka taratibu, waya wake umening'inia, hakuna mtu. Juu ya vumbi jeupe sakafuni palikuwa na alama za nyayo ndogo, visigino mbele, zikielekea kwenye mkeka wa Yakub. Za kurudi hazikuwapo. Chumba kilinuka jiwe lililoungua na asumini iliyooza.

"Mama," alinong'ona. "Njoo uone."

Hasina, mama yao, aliona, akauvuta mtandio mdomoni. "Usiseme kwa sauti. Akisikia anatajwa atajiona amekaribishwa."

Mtu wa kumtaja kwa sauti alikuwapo. Tajiri wao, Seth Gulamnabi, ndiye aliyewaletea mawe kutoka vilima vya Ratanpur na ndiye aliyechukua shanga zikishang'aa. Katika mji mzima wa Khambhat, huko Gujarati, India, hapakuwa na mtu aliyeipenda akiki kama yeye, wala aliyeliogopa vumbi lake kama yeye. Hakuwahi kuvuka kizingiti cha msagaji. Aliwekewa kigoda nje, akaketi na leso yenye marashi puani, kama bibi harusi aliyepitishwa karibu na jaa. Jioni ile alikuja na picha ya kifua cha Yakub, aliyopigwa kwa daktari aliyechaguliwa na Seth mwenyewe. Akaiinua juani, juu chini, akaisoma hivyo hivyo.

"Safi," alisema. "Eksirei haikuona kitu. Na kitu kinachomkaba mtu pumzi kisionekane kwenye picha, ni nini? Jini. Hata marehemu baba yenu alikuwa naye. Ukoo wenu umekaliwa."

"Na jirani anayekohoa?" Rehana aliuliza. "Na yule wa pili yake? Ina maana majini wote wa Gujarati wamekosa pa kukaa ila mtaa wa wasaga mawe?"

"Majini wanapenda uchafu, binti."

"Mbona hawaji kwako, Seth?"

Hasina alimfinya bintiye. Seth aliikunja leso upande uliokuwa bado safi. "Nitawaletea Hawabai, yule mganga Msidi wa Ratanpur. Akimtoa huyo mdudu, nataka kijana arudi kwenye gurudumu. Kukohoa si kazi."

Yakub, maskini, alifurahi. "Si umesikia, dada? Picha safi. Jini akitoka tu, narudi kazini."

Hilo ndilo lililomtia Rehana baridi kuliko nyayo za kisigino mbele. Baba yao naye alipigwa picha, akapewa vidonge vya kifua kikuu, akafungwa hirizi, akarudishwa kwenye gurudumu. Akafa ameketi, kwa sababu akilala alikuwa hapati hewa.

Kuanzia hapo jini alikuja kila umeme ulipokatika. Kwanza ulikuwa mlio wa gurudumu tu, kisha harufu, kisha kitu kikawa kinabisha, ngo, ngo, ngo, si mlangoni bali kifuani mwa Yakub, na Rehana akiweka kiganja juu ya mbavu za kaka yake alihisi vifundo vya vidole visivyoonekana vikigonga kutoka nje, vikisimama kusikiliza, vikigonga tena kwa hasira zaidi, huku Yakub akiwa macho, amemtazama dada yake, hawezi kusema wala kupumua, na vumbi la chumba kizima likimsogelea polepole kama kundi la ng'ombe linalorudi zizini.

Hawabai alifika na ngoma yake na ubani. Kama Wasidi wote, asili yake ilikuwa Afrika; alikuwa na mabega ya mbeba mizigo na hakuwa na maneno ya kupoteza. Alimkuta Seth na kigoda chake.

"Ingia ndani au kaa mbali," alimwambia. "Mlangoni ni njia yao."

"Nitakaa hapa hapa. Nataka nimwone akitoka."

"Haya. Shingo ni yako."

Wakamlaza Yakub. Ubani ukafuka, ngoma ikaanza chini chini, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Gurudumu likajizungusha. Safari hii mlio wake ulikuwa na maneno, membamba, yenye chenga za mawe.

"Toka kifuani mwa kijana," Hawabai aliamuru.

Gurudumu likacheka. "Nitokeje mahali nisipoingia? Nabisha tangu masika. Nimeingiza kidole, nimekuta jiwe. Nimeingiza mguu, jiwe. Mlinisagia nyumba yangu ya akiki, kisha mkaimeza. Humu mmeshonwa makovu kama gunia bovu, na bado mnamwita jini mwenye heshima zake eti ndiye mpangaji. Mbwa asingelala humu."

Rehana alisahau hofu. "Na baba?"

"Yule alikuwa ukuta mtupu."

Hasina akaanza kulia bila sauti. Nje, Seth alicheka. Na kwa kuwa alitaka kicheko chake kisikike vizuri, aliishusha leso.

"Hawabai, nimekuleta umtoe jini, si umwache ajifanye daktari. Makovu gani? Picha ilikuwa safi."

Ngoma ikakatika, gurudumu nalo likasimama, na katika ukimya ule vumbi la sakafuni likanyanyuka kama shuka inayokung'utwa, likapita juu ya Yakub bila kumgusa, likapita kati ya Rehana na mama yake likiwaachia harufu ya asumini iliyooza kwenye nywele, likafika kizingitini ambako Seth Gulamnabi alikuwa bado amekenua, mdomo wazi, koo safi, mapafu mapana ambayo katika miaka yake yote hayakuwahi kuonja vumbi. Akameza, akakwama, akapiga kwikwi moja.

Hawabai alianza kufunga ngoma yake.

"Amekwenda wapi?" Hasina alinong'ona.

"Penye nafasi."

Yakub aliendelea kukohoa. Hapo ndipo Rehana alipouza bangili zake, akampeleka mji wa Vadodara, kwenye mashine ya duara wanayoiita siti skani. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, aliwaonyesha kifua cha Yakub kimekatwa vipande vyembamba kama vya mkate. Humo mlijaa vinundu vyeupe na nyuzi nyuzi, kama shanga alizozitunga Rehana.

"Mbona picha ya kwanza ilikuwa safi?" Yakub aliuliza.

"Eksirei ni kivuli tu. Kovu changa huenda lisitoe kivuli cha kuonekana. Hii inaona mapema zaidi."

"Na inayaondoa?"

"Inaona, haiondoi. Ukirudi kwenye vumbi, kaka, yatakumaliza. Ukiacha, una miaka. Mingapi, siwezi kukudanganya."

Yakub hakurudi. Gurudumu walilitupa kwenye tope la ghuba, na siku hizi anauza chai karibu na kituo cha reli, anapumzika kila baada ya vikombe viwili.

Ni hapo Seth Gulamnabi alipowakuta, adhuhuri moja umeme umekatika. Amekonda, kola imempwaya. Chini ya kwapa alibeba bahasha kubwa.

"Nimepigwa eksirei," alimwambia Rehana kwa sauti ya chini. "Nimekwenda hata kwenye mashine ile yenu. Mara mbili. Binti, niombee kwa Hawabai aje tena. Hapokei salamu zangu."

"Walisemaje kwenye mashine?"

Alifungua mdomo ajibu, lakini hakuhitaji kusema. Rehana alisikia. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na ndani ya kifua cha Seth gurudumu lilikuwa likizunguka, taratibu, likisaga.

Rehana akamtilia chai, akazitoa picha kwenye bahasha, akaziinua juani moja moja, juu chini.

"Safi, Seth," alisema. "Hazikuona kitu."