Kitanda cha Chumba cha Nyuma

Mita ya maji ilikuwa inazunguka. Koki zote zilikuwa zimefungwa, ndoo zimejaa, tangi la choo limenyamaza, na bado kile kishale chekundu kwenye mita kilikuwa kinakwenda taratibu, kama vile ndani kuna mtu anaoga bila haraka.

Mwokaji alisimama mbele yake akiwa na unga kwenye nyusi, maana ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini. Kazi yake ilikuwa ya usiku. Dunia ikilala yeye anakanda, dunia ikiamka yeye anatafuta shuka. Aliifunga koki kuu na kishale kikasimama. Alipoifungua, kikaanza tena mwendo wake wa maringo.

"Haya," alisema. "Nyumba yangu mwenyewe."

Siku ya kukabidhiwa funguo aliyasema maneno hayo kwa furaha mpaka dalali akacheka. Hakuna anayekwambia kwamba bei ya nyumba ni kiingilio tu, ngoma yenyewe bado. Dalali alikula chake, mwanasheria akala chake, na kodi ya ardhi ikabisha hodi kabla pazia halijatundikwa. Shimo la choo lilikuwa limejazwa na watu waliohama zamani, lakini aliyelipia gari la kulinyonya ni yeye. Ukiwa mpangaji, bati likitoboka unampigia mwenye nyumba simu unamfokea. Ukinunua, mwenye nyumba ni wewe, basi jifokee.

Yote hayo aliyabeba peke yake. Mume hakuwa naye, na kwa kaka yake asingekwenda kunyoosha mkono hata kwa dawa. Kaka alikuwa amecheka aliposikia habari ya nyumba. "Mdogo wangu, nyumba si mkate," alisema. "Paa utaliweza wewe?" Na kwa kaka huyo huyo ndiko mama yao alikokuwa akilala, kwenye korido, nyuma ya pazia, kila anayekwenda chooni akimruka miguu.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama. Chumba cha nyuma, kinachopata jua la asubuhi, mwokaji alikiandaa kabla hata ya chumba chake. Aliweka kitanda cha mbao na godoro jipya, akatandika shuka, akafunga chandarua, akapanga kandambili chini. Kisha akafunga mlango. Aliapa kwamba mama hataingia kwenye nyumba yenye kasoro ili kaka apate la kusema. Ataingia siku ambayo hakuna hata tone linalovuja.

Fundi bomba aliitwa. Alivunja sakafu ya bafu, akachimba korido, akajifuta jasho.

"Dada, bomba zako nzima kabisa. Humu mnaishi wangapi?"

"Peke yangu."

Fundi aliitazama mita, akamtazama yeye. "Basi dada unapenda kuoga," alisema, akachukua hela yake, na sakafu akaiacha imevunjika.

Baada ya maji ukafuata umeme, unanunuliwa leo na keshokutwa taa zinazima. Halafu paa. Kila akishaweka akiba ya gari la kwenda kumchukua mama, mvua inashuka na bati linavuja mahali papya, na ile akiba inakwea juu na fundi wa paa. Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume.

"Nyumba imeisha, mwanangu?" mama aliuliza kwenye simu.

"Bado kidogo, mama. Paa linanisumbua."

"Haya. Mungu atasaidia." Kisha akauliza tena: "Na nyumba, imeisha?"

"Si nimekwambia bado, mama!" Alicheka, akaona ni uzee tu. Wifi yake naye alikuwa akipiga simu mara kwa mara, lakini aliziacha zilie, akijua ni maneno ya korido na lini atakuja kumwondoa mtu wake.

Siku moja mchana, jua kali nje na wauza genge wakiitana barabarani, mwokaji aliamshwa na kandambili. Zilikuwa zinatembea koridoni. Hazikukimbia wala hazikunyata. Zilikuwa zinaburuzwa kidogo, kwa uchovu, zikitoka bafuni. Pua yake, ambayo miaka yote imelishwa unga na hamira, ilipata harufu ya donge la unga lililosahauliwa likachacha, na juu yake harufu ya sabuni, mbichi, ya mtu aliyejisugua vizuri. Alitoka kitandani akiwa hana hata nia ya kutoka, miguu ikimpeleka yenyewe, akaona kwenye saruji iliyovunjwa nyayo za maji zinazoanzia bafuni na kuishia kwenye mlango wa chumba cha nyuma, zote zikielekea upande mmoja, hakuna hata moja inayorudi, na mkono wake ukashika kitasa, na kitasa kilikuwa na majimaji, na alipousukuma mlango aliona chandarua kimeshushwa, na ndani ya chandarua godoro limebonyea katikati, limebonyea kwa urefu wa mtu, na lile bonyeo, akilitazama hivi hivi kwa macho yake makavu, likageuka taratibu kuelekea ukutani, kama anavyogeuka mtu aliyekerwa na mwanga.

Kisha kikasikika kikohozi, kidogo, cha adabu.

Alifika kwenye kiwanda cha mikate pekupeku. Aliyekuwepo saa hizo ni mpima unga peke yake, mzee wa maneno machache waliyemwita Kipimo.

"Sema polepole," Kipimo alinong'ona, akafunga mlango wa stoo. "Kimekugusa?"

"Hakijanigusa. Kinaoga. Kinaoga kwa maji yangu, Kipimo!"

"Punguza sauti, dada. Vitu hivi havipendi kutangazwa. Kuna mama mmoja namjua. Kesho nitamleta."

Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na hakuwa na mbwembwe. Aliweka mkaa kwenye kigae, akaweka ubani, akakaa koridoni mbele ya ule mlango huku mwokaji amesimama nyuma yake. Moshi ulipoupata mlango, mganga aliinamisha kichwa, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa sauti tulivu, ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mna shida gani?"

"Muulize," mwokaji alinong'ona, asijue anamwambia nani. "Kwa nini ameivamia nyumba yangu?"

"Sikuvamia. Nimekaribishwa. Nilikuwa napita nikaona kitanda kimetandikwa, viatu vimepangwa, na mtu haletwi. Nikangoja. Mvua zikaja zikaisha, mtu haletwi. Kitanda cha namna hiyo kinaita."

"Maji yangu... umeme wangu..."

"Naoga. Gizani siwezi kukaa."

"Na paa? Kila nikiliziba unalitoboa!"

"Paa silitoboi," sauti ilisema, kwa upole ule ule. "Paa ni bovu. Lilikuwa bovu kabla yangu na litakuwa bovu baada yangu. Hiyo ndiyo nyumba."

Mwokaji alihisi aibu iliyozidi hofu yake. "Utatoka?"

"Mwenye kitanda akija nitampisha. Mimi si mwizi."

Mganga alirudi kwenye sauti yake, akakohoa, akavua miwani akaifuta. "Dada, uliandaa mahali pa mtu halafu ukapafungia," alisema kwa hasira. "Nenda kamlete leo hii. Livuje lisivuje, alale hapa. Mimi nitakusubiri getini."

Akakodi gari. Njia nzima alijilaumu na kujitia moyo kwa wakati mmoja. Ngoja ngoja imemuumiza tumbo kweli, lakini leo basi. Mama atalala kwenye chumba chenye mlango. Wakiweka sufuria chini ya tone, watacheka pamoja.

Wifi alifungua. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Wifi. Mara ngapi nimekupigia?"

"Nilikuwa nashughulikia paa."

"Chelewa chelewa..." wifi alisema, hakumalizia, akampisha.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya pazia, kifurushi mapajani, khanga imefungwa vizuri, kama abiria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuchukua. Chumba chako kiko tayari."

Mama alimtazama kwa ile heshima anayopewa mgeni. "Asante sana, mama, Mungu akubariki. Lakini siwezi kuondoka. Nina binti yangu, anaoka mikate, ananiandalia nyumba. Kaniambia bado kidogo. Nikienda na wewe, akija atanikosa."

"Mama, ni mimi!" Alipiga magoti, akamnyooshea mikono yenye alama za kuungua na tanuri.

Mama aliishika, akaipapasa. "Pole. Kumbe na wewe unaoka. Labda mnafahamiana. Ukimwona, mwambie mimi paa likivuja sijali. Aje tu."

Walijaribu kumwinua. Alipiga kelele za mtu anayeibwa, akang'ang'ania nguzo ya korido mpaka majirani wakatoka, na mwisho wifi akasema, "Mwache. Utamuua." Mwokaji alitoka analia kwa sauti mbele za watu, wala hakujifunika uso.

Mganga alipoona gari limerudi na mtu mmoja, hakuuliza mengi. "Basi kimebaki kitu kimoja," alisema. "Kitanda kivunje. Choma mbao, choma godoro, chumba kibaki kitupu. Kusipokuwa na kitanda hana cha kumweka, ataondoka leo leo."

"Na mama akinikumbuka? Akikubali kuja?"

Mganga alifunga kigae chake kwenye kitambaa. "Hilo sina dawa yake," alisema, akaondoka.

Giza lilikuwa linaingia. Mwokaji alichukua nyundo iliyosahauliwa na fundi bomba, akapita koridoni akiruka mashimo ambayo bado hajalipia kuzibwa, akafika kwenye mlango, akausukuma. Harufu ya sabuni ikamfunika. Alinyanyua nyundo juu ya mguu wa kitanda, na nyumba nzima, nyumba yake mwenyewe, ilikuwa kimya ikimsubiri.

"Umechelewa leo," sauti ilisema kutoka ndani ya chandarua. Safari hii haikuwa sauti ya mgeni. Ilikuwa ya mama. "Umekula?"

Hakuna aliyemuuliza swali hilo tangu alipokuwa mwenye nyumba. Mkono ulishuka wenyewe, nyundo ikalala sakafuni.

"Bado, mama," alisema.

Kitanda kikalia, kwa namna mtu anavyosogea ukutani kumpisha mwenzake, na mwokaji akavua viatu.