Chupa za Mwalimu Muhangi

Kyarisiima, mfagizi wa shule ya kati kule Kihanga, ndiye aliyezikuta chupa zimevunjwa. Ilikuwa saa moja asubuhi, mwaka 1954, siku ambayo mkaguzi wa shule alitarajiwa kutoka Bukoba. Salfa ya njano ilikuwa imemwagwa sakafuni, zebaki inakimbiakimbia vitone vitone, bati la migodi ya Kyerwa limetupwa kapuni, na iodini imetapakaa mezani. Hizo ndizo elementi za kemia alizokusanya mwalimu kijana Muhangi ili mkaguzi aridhike, ampeleke chuo cha Makerere.

Mwalimu Mkuu Novatus alisimama mlangoni, na ukweli usemwe, moyo wake ulicheka. Yeye naye aliwahi kuitamani Makerere, asiende. Tangu Muhangi aje, wazazi humsalimu Novatus kwa adabu zote, kisha huuliza yule mwalimu wa ajabu yuko wapi. Wivu ulimchoma kila siku.

"Ni huyu mama," alisema Mwalimu Egbert, mkongwe wa shule. "Tazama vidole. Mfukuze kabla mgeni hajafika."

Vidole vya Kyarisiima vilikuwa na rangi ya kahawia ya iodini.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Nimeokota vigae tu! Ukinifukuza, wanangu watakula nini?"

"Marahaba. Ufunguo ulikuwa wapi jana jioni?"

"Msumarini, ofisini. Kila mwalimu anauchukua."

Walimu waliobaki shuleni jioni ile walikuwa wawili, Egbert na Placidius wa kwaya. Wote walikuwa wamevaa mashati meupe yaliyotiwa wanga wa muhogo mpaka yakakakamaa, kama ilivyokuwa desturi ya siku ya ukaguzi. Na kila mmoja alikuwa na doa jeusi mkononi mwa shati.

"Doa hilo, Placidius?"

"Utomvu wa ndizi. Nimekata mkungu alfajiri, mke wangu kanisema mpaka basi."

"Na lako, Mwalimu Egbert?"

"Utomvu huohuo. Jana nilikuja na shati hili, nikilijaribu. Nani hapa hana migomba?"

Kweli, nani hana? Novatus angeweza kuishia hapo, mama afukuzwe, na Muhangi aikose Makerere. Lakini Kyarisiima alikuwa bado amepiga magoti, akilia kimyakimya, na jambo hilo lilimshinda Novatus.

Alikumbuka siku aliyokaa nyuma ya darasa la Muhangi akimvizia akosee. Muhangi alidondosha iodini kwenye uji wa muhogo, ukawa wa buluu iliyokolea mpaka ukaonekana mweusi. Alipouchemsha, rangi ikatoweka. Ulipopoa, ikarudi. Novatus hakupata kosa hata moja, ndiyo maana alilikumbuka somo lote.

"Mama, lete birika linalochemka."

Placidius aliweka doa lake kwenye mvuke. Utomvu ukabaki vilevile.

"Zamu yako, Mwalimu Egbert."

"Mimi ni mkubwa wako kwa umri!"

"Ndiyo maana nakuomba."

Egbert akanyoosha mkono. Doa likafifia, likatoweka. Akashusha pumzi. "Umeona? Uchafu tu."

"Tusubiri lipoe."

Wakasubiri. Kidogo kidogo, buluu ikajitokeza tena kwenye wanga.

Egbert akakaa kitako. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu," alisema. "Leo nikipita kijiji cha Ihembe, watu hawanitaji kwa jina. Wanasema, yule aliyemfundisha Muhangi. Jana nikaona nisipozivunja chupa hizi, nitakufa bila jina."

Husemwa hasidi hana sababu. Huyu alikuwa nayo, na Novatus aliielewa vizuri kupita alivyopenda.

"Lakini na wewe," Egbert akaongeza, "asubuhi uliposimama mlangoni ulitabasamu. Nilikuona."

Novatus hakukana. Alimwinua Kyarisiima, akamwomba radhi mbele ya wote. Akamwambia Egbert aende kwa Muhangi, aungame mwenyewe.

Gari la mkaguzi liliposimama uwanjani, Novatus alitoka kulipokea.

"Nasikia una mwalimu mzuri wa sayansi," mkaguzi alisema kabla hata ya salamu kuisha.

"Ndiye bora niliyewahi kumwona," Novatus akajibu. "Ananizidi mimi." Neno hilo la mwisho lilimuuma lilipotoka, lakini alilisema kwa sauti, walimu wote wakasikia.