Chuo Kilichochaguliwa kwa Mshono

Ndugu zangu, nawasimulia habari ya jirani yangu, fundi cherehani. Nyumba yake ilikuwa na utulivu. Fundi akishona sebuleni, mkewe alitia vifungo, na binti yao alisoma akiwa ameegemea marobota ya vitambaa. Kisha binti akapata nafasi katika vyuo viwili vya udaktari, na utulivu ukaisha.

Chuo cha kwanza kilikuwa ndani ya hospitali kuu. Cha pili kilikuwa ghorofani, juu ya duka la samani, na kilikuwa na mlango wa vioo.

Fundi akafunga safari kwenda kuviona vyote viwili. Mnajua alikagua nini? Makoti. Hospitalini aligeuza pindo la koti la mwanafunzi, akakuta nyuzi zimelegea na madoa ya dawa. Kule kwenye vioo alikuta makoti yamepigwa pasi, kola zimekaa sawasawa, na kifuani limetariziwa neno "Daktari" kwa uzi wa bluu.

"Mshono haudanganyi," akatuambia aliporudi. "Asiyeweza kutunza koti atamtunzaje mgonjwa?"

"Baba," binti akasema, "kule hospitalini wanaingia wodini tangu mwaka wa kwanza."

"Kufanya nini? Kumwaga mikojo ya watu?"

"Na kujifunza kwa wagonjwa. Hawa wa ghorofani hawana hata kitanda kimoja. Nimewauliza, wakasema vifaa vinakuja."

"Mama, msikie daktari wangu anavyobishana na mzee wake," fundi akamwambia mkewe, akicheka. Mkewe akacheka. Sisi majirani tuliosimama mlangoni tukacheka pia. Hata mimi nilicheka, na leo nakionea aibu kicheko kile.

Binti akapelekwa kwenye vioo. Kwa miaka mitatu alijifunza kuchoma sindano kwenye sanamu moja la plastiki, lenye kichwa, kifua na mikono. Chini ya kiuno halikuwa na kitu. Vifaa bado vilikuwa vinakuja. Wakufunzi wenyewe kazi yao ilikuwa kuwapiga picha wanafunzi na kuzibandika barabarani ili wawanase wengine. Huo si ualimu, ni uchafu.

Kila likizo fundi alimvalisha binti koti na kumkalisha karibu na cherehani, wateja wamwone. Siku moja fundi akashikwa na homa. Badala ya kwenda kupimwa, akanunua dawa na bomba la sindano, akarudi nyumbani. Wateja wanne walikuwa wanasubiri nguo zao.

"Nichome hapa hapa, waone."

"Baba, sijawahi kumchoma mtu hai. Twende zahanati."

"Unataka kunivua nguo mbele ya wateja?"

"Fundi, nguo utavuliwa vyovyote vile," mteja mmoja akasema, na watu wakaangua kicheko.

Binti akamchoma katikati ya tako, mahali ambapo mwanafunzi wa hospitali hukatazwa kuchoma kabla hata hajapewa bomba. Fundi akalia kama mtu aliyekatwa. Alipojaribu kutembea, unyayo haukunyanyuka.

Tukampeleka hospitali kuu. Muuguzi akauliza, "Nani alikuchoma?"

"Daktari," fundi akajibu, kiburi bado kimemkaa kooni.

"Daktari wa wapi?"

Binti akataja chuo chake. Muuguzi akavua glavu polepole. "Mdogo wangu, chuo hicho hakitambuliwi. Hawatakupa leseni ya kutibu hata kuku."

Sindano ilikuwa imeharibu mshipa wa fahamu. Fundi anauburuta mguu hadi leo, na cherehani haikanyagi tena. Binti aliomba upya kule hospitalini, akaambiwa asubiri pamoja na wanaomaliza shule mwaka huu. Bado anasubiri. Wakufunzi wake wamehamia mtaa mwingine, na mabango yao mapya nimeyaona kwenye ukuta wa soko.

FUNZO

Wazazi wenzangu, koti halitibu mtu. Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye chuo cha udaktari, ulizeni: wagonjwa wako wapi? Nani husimama kando ya mwanafunzi anaposhika sindano? Wanaosajili madaktari wanakitambua chuo hicho? Msipojibiwa, ondokeni. Na mtoto akiwa ameuliza vizuri kuliko ninyi, nyamazeni mumsikilize.

Nasi tuliocheka mlangoni tusijitoe lawamani. Mjinga alikuwa mmoja, lakini nguvu tulimpa sisi.