Sikiliza Peke Yako

"Hivi huyo bwana wako ana sauti, au ana vidole tu?"

Msusi ndiye aliyeuliza, jirani wa mlango wa pili, siku moja saa nne asubuhi, mkono mmoja umeshika nywele za mteja na mwingine kitana. Aliuliza kwa mzaha, na mteja wake akacheka. Fundi cherehani naye akacheka, akakata uzi kwa meno, akaendelea na pindo lake. Lakini swali lile lilibaki naye kama pini iliyosahaulika ndani ya gauni. Huioni, ila kila ukigeuka inakuchoma.

Maana ilikuwa kweli. Miezi saba ya uchumba, na hajaisikia sauti ya mwanamume yule kwenye simu hata siku moja.

Walikutana ukumbini wanakobadilishia leseni za biashara. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba, na spika ya ukutani inakoroma kama mtu mwenye mafua. Karani aliita mia mbili na kumi na nne. Akaita tena. Akaita mara ya tatu kwa sauti ya kuchoka. Fundi alikuwa na mia mbili na kumi na tano, akageuka kutafuta ni nani anayechezea zamu za watu. Kumbe ni jirani yake kwenye benchi. Mwanamume mrefu, shati la kijivu limepigwa pasi vizuri, vumbi la mbao kwenye kope, namba yake mkononi, anatazama ukuta kwa utulivu kabisa.

"Kaka," akamgusa kwa kiwiko. "Anayeitwa ni wewe."

Mwanamume akamgeukia uso mzima. Hakumtazama machoni, alimtazama mdomo. "Samahani, dada. Nilikuwa mbali."

"Mbali gani, na umekaa hapa hapa?"

Akacheka, akaenda dirishani. Fundi alipomaliza shughuli zake akamkuta bado yupo mlangoni.

"Hujaondoka?"

"Sijakushukuru."

"Basi shukuru uende zako. Nina nguo za watu."

"Hilo gauni amekushonea nani?" Lilikuwa gauni la samawati, lenye vifungo vya njano vilivyopanga mstari mgongoni.

"Mwenyewe."

"Na hivyo vifungo vya mgongoni unavifunga mwenyewe?"

"Kaka, maswali mengine hayaulizwi mlangoni." Kisha akautazama mfuko wa shati lake, uliokuwa umekaa upande. "Ila huo mfuko aliyekushonea ni adui yako. Uniletee niutoe."

Akauleta kesho yake. Alikuwa seremala, ana karakana yenye misumeno miwili ya umeme na vijana wanne, na mapenzi yao yakaanzia kwenye ule mfuko.

Mikono ya fundi cherehani haina nafasi. Mmoja uko kwenye kitambaa, wa pili kwenye gurudumu. Kwa hiyo yeye hakuandika ujumbe. Alibonyeza simu, akailaza juu ya vitambaa, akaongea huku anashona. Alimtumia seremala sauti yake asubuhi, adhuhuri na alasiri. Alimweleza bibi harusi aliyenenepa mara tatu kabla ya harusi, goti la mama yake, alama za mdogo wake shuleni, vituko vya Msusi.

Seremala aliandika. Majibu yake yalichelewa, wakati mwingine saa mbili, lakini yalipokuja yalikuwa marefu, yamenyooka, na hayakuruka kitu. Goti aliliuliza. Bibi harusi alimcheka. Alama za hesabu za mtoto alizipongeza.

"Niambie wewe," Fundi alimringia Msusi. "Ni mwanamume gani anayekumbuka goti la mama yako?"

"Anayekumbuka goti na hapokei simu, huyo ana mke."

"Nimefika kwao. Anaishi na mama yake na dada yake."

"Basi mke yuko kwenye simu."

Wakiwa pamoja hakukuwa na shaka yoyote. Jumapili, baada ya ibada, walikaa kwenye kibanda cha soda. Seremala alichagua kiti mwenyewe kila mara, ukuta uwe kushoto kwake. Akikaa, anamtazama mdomo mpaka Fundi anaona haya.

"Unatazama nini?"

"Mdomo wako."

"Una nini?"

"Sitaki neno linipite."

Fundi aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Alikuwa na miaka thelathini, na wanaume waliowahi kumtazama walitazama kwingine.

Kisha ikaja siku mota ya cherehani ilipoungua, na gauni la mteja ndani yake. Moshi ulijaa chumba. Alimpigia seremala mara kumi na moja, simu ikaita mpaka ikakata. Baadaye ukaja ujumbe: "Andika, mpenzi. Kuna nini?"

Akabonyeza akasema, "Sitaki kuandika. Leo nilitaka kusikia mtu." Akaizima simu.

Siku nne wakanyamaziana. Ya tano seremala akatokea dukani mchana kweupe, aproni ya kazi kiunoni, amebeba kibao alichokichonga mwenyewe chenye vijiti ishirini vya kuchomekea nyuzi. Msusi na wateja wake wote wakahamia mlangoni.

"Umekuja kusema, au umekuja kuandika?" Fundi akamuuliza.

"Nimekuja kusema. Nataka kuleta wazee kwenu."

Kitana cha Msusi kikaanguka sakafuni.

"Na simu?"

"Simu siipendi. Nakupenda wewe."

"Wenzako wanapenda vyote viwili."

Seremala alifungua mdomo kama mwenye neno la kuongeza. Akawatazama wale wanawake mlangoni, akaufunga. "Nitajitahidi," akasema.

Fundi alimsindikiza mpaka kona ya barabara. "Kabla hujaleta mtu, kuna jambo lazima ulijue. Ila siwezi kulisema nikikutazama."

"Basi litume, kama kawaida yako."

"Utasikiliza peke yako?"

"Peke yangu."

"Ukimaliza ufute. Nakuomba kwa Mungu."

"Nitafuta."

Siku iliyofuata alifunga duka mapema. Akasali, akakaa juu ya furushi la vitambaa, akaongea dakika sita. Alisema kwamba yule mdogo wake wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda kwa sababu ndiye wa mwisho, si mdogo wake. Ni mwanawe. Alimpata akiwa na miaka kumi na minane. Mama yake aliondoka naye kwenda mji mwingine wakiwa wawili, wakarudi na kitoto mgongoni mwa mama. Mtoto anamwita dada. Anayejua ni Mungu, mama na yeye. "Akijua, ajue kutoka kwangu, siku atakapokuwa na akili ya kulibeba. Asilisikie kwa mtu. Sasa na wewe umejua. Ukiniacha, niache kimya kimya."

Jibu lilikuja baada ya saa tatu. "Nimekusikia. Yaliyopita hayajakupunguzia kitu machoni pangu. Mtoto huyo nitamwita jina utakaloniambia, mpaka siku utakayochagua wewe."

Fundi aliusoma ule ujumbe mpaka akauweka kichwani kama sala. Akalia, akanawa uso, akamshukuru Mungu.

Wiki mbili baadaye akaenda kumpima dada yake seremala gauni la siku ya wazee. Dada huyo alikuwa mpiga chapa. Alikuwa na chumba karibu na shule kubwa, chenye kompyuta, mashine ya kutoa nakala na rafu iliyojaa mafaili. Watu walikuja na maneno mdomoni, wakaondoka nayo kwenye karatasi. Barua za kuomba kazi, mashtaka ya mipaka, fomu za wanafunzi. Mwanamke mnene, mchangamfu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, bangili zinalia kila akigusa kibonyezo.

"Wifi yangu, karibu. Nifiche tumbo kwenye hicho kitambaa."

"Kitambaa hakifichi, wifi, kinasitiri. Vuta pumzi."

"Nikivuta nitapasuka, ukose wifi kabla hujampata." Wakacheka. "Ngoja nikachukue soda hapo duka la pili, usije ukasema kwetu hakuna ukarimu."

Fundi akabaki peke yake, utepe wa kupimia shingoni. Juu ya meza palikuwa na vile vidude vikubwa vyeusi vya kuvaa masikioni. Kwenye rafu, kati ya mafaili ya wateja, akaona moja limeandikwa FUNDI. Wifi alikuwa amemwahidi kumchapia orodha ya bei za dukani, akadhani ndiyo. Akalitoa.

Ilikuwa karatasi juu ya karatasi, zimepewa namba. Ukurasa wa kwanza ulianza, "Umeamkaje, mpenzi, leo goti la mama limeamka vibaya (anacheka)." Ukurasa wa tatu, "(cherehani inalia)." Maneno yake yote, ya miezi saba, yamechapwa yakalala vizuri, na nukta na mikato yake.

Ukurasa wa mia tatu na tisa ulikuwa wa Kitinda. "Si mdogo wangu (kimya). Ni mwanangu (analia kidogo)."

Chini yake, kwa penseli nene ya seremala, mkono wake mwenyewe: *Sijali. Nakupenda.* Yamekatwa. Juu yake, kwa kalamu nyekundu na mwandiko mwingine wenye mikia: *Yaliyopita hayajakupunguzia kitu.*

Bangili zikalia mlangoni. Wifi alikuwa na chupa tatu za soda, na seremala alikuwa nyuma yake, maana ilikuwa saa ya chakula na kila siku saa ile alipita hapo. Walipoona kilichoko mkononi mwa Fundi, wakasimama.

"Nani alisikiliza?" Fundi akauliza.

Wifi akaziweka soda mezani. "Wifi, usilichukulie vibaya. Mimi ni kazi yangu. Yanaingia masikioni, yanatokea vidoleni. Huyu masikio yake yamekwisha. La kushoto limekufa kabisa, misumeno imelila, la kulia ndilo hilo anajikokota nalo. Kwenye simu hasikii hata mvua. Angefanyaje?"

Fundi akamtazama seremala. "Ni kweli?"

Macho ya seremala yalikuwa pale pale yanapokuwa siku zote, mdomoni mwa Fundi. "Ni kweli."

"Miezi saba. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtaka kiziwi?"

"Hukuniuliza."

"Niliogopa jibu. Mwanzoni nilisema nitakwambia wiki ijayo. Kisha sauti zako zikawa nyingi, na mimi nikazipenda. Nazisoma kila siku hapa, mchana. Nilipenda hata pale panaposema unacheka."

"Kwa hiyo ulikuwa unanisoma mdomo. Mimi nikadhani unanipenda."

"Vyote viwili," akasema.

Fundi akaunyanyua ukurasa wa mia tatu na tisa. "Huu niliuombea. Nilikuomba kwa Mungu usikilize peke yako. Ulisema, 'Peke yangu.'"

"Ningesema nini? Ningesema siwezi kusikiliza peke yangu, ungejua."

"Ningejua. Nami ningekuandikia kwa mkono wangu, mtu mwingine asilione. Umelificha sikio lako, ukamfunua mwanangu."

"Hajafunuliwa, wifi," dada mtu akaingilia. "Mimi ni kaburi. Nimemwambia mama tu."

Fundi akaishusha ile karatasi.

"Umemwambia nani?"

"Mama yetu. Mtu anataka kujua mwanawe anaoa wapi, na mama si mtu wa nje. Naye hasemi, labda kwa shangazi. Halafu na lile jibu, si ulilipenda? Huyu alikuwa amekuandikia maneno mawili makavu, nikaona hapana, nikamtengenezea."

"Yale makavu ndiyo yalikuwa yangu," Fundi akasema.

Akaiangalia kompyuta. "Na humo yamo?"

"Yamo, lakini nimeyafungia. Nitayafuta sasa hivi, ukitaka."

Nje kengele ya shule ikalia, na mtaa ukajaa sauti za watoto, wengine wa umri wa Kitinda, sare zile zile, wakipita mbele ya mlango ule ambao ndani yake wazazi wao walijaziwa fomu. Fundi aliwatazama mpaka kundi la kwanza likapita. Alikuwa bado anampenda yule mwanamume. Aliijua hali hiyo kama anavyojua kipimo cha mtu kwa kumtupia jicho. Alimpenda, na akaona pia kwamba kama wazee watakuja, ndivyo itakavyokuwa nyumba yake. Atanong'ona jambo chumbani, nalo litapita kwa mtu wa tatu kabla halijafika kwa mumewe.

Lakini moyo haukubali upesi. Ukamwambia labda mwanamume akiambiwa leo, atabadilika leo. Akawapa mgongo wote wawili, akaanza kuikunja ile karatasi ya mia tatu na tisa ndogo ndogo, kama akunjavyo kiraka, aiweke ndani ya mkoba. Hakutaka wamwone uso. Akasema taratibu, akiielekea rafu:

"Kama kuanzia leo ni mimi na wewe tu, bila mtu katikati, nitakaa."

Seremala aliona mabega yake yakipanda na kushuka. Alijua amesema kitu. Angeweza kupiga hatua mbili, amshike bega, amgeuze, amwombe aseme tena. Chumba kilikuwa kidogo, hatua mbili zilitosha.

Akamgeukia dada yake.

"Amesema nini?"

Dada mtu akafungua mdomo.

Fundi akabana mkoba kwapani. Akapita kati yao, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, akatoka nje.