Waya wa Tatu Katika Nyumba ya Gancho

Kila jioni Rayna aliketi jikoni gizani, akimsubiri mumewe atoke zizini. Swichi ilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye kiti chake. Lakini ilikuwa swichi ya zamani, ile ya kuzungusha, na vidole vya Rayna vilikuwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo.

"Mbona hukuniita?" Velichko aliuliza kila mara, akiwasha taa.

"Nilikuwa napumzisha macho," Rayna alijibu kila mara.

Mwezi wa kumi aliinuka gizani, akajikwaa, akaanguka. Alichechemea wiki tatu. Mtoto wao Plamen, anayefanya kazi Uhispania, alipiga simu. Alisema mama akianguka tena, atawahamishia kwenye ghorofa mjini. Rayna alizaliwa katika nyumba ile. Siku hiyo hata supu ya maharage ilimshinda.

Baadaye Plamen alituma boksi. Ndani mlikuwa na swichi mbili za kisasa, ya jikoni na ya uani. Mlikuwa pia na vitufe viwili visivyo na waya, vipana kama visosi. Kitufe unakibandika popote. Ukikigusa, hata kwa kiwiko, swichi ya ukutani inasikia na kuwasha taa.

Velichko alikigeuza kitufe, akakitazama nyuma. "Bila waya hata mmoja? Swichi inasikiaje?"

"Muite Dimka," Rayna alisema. Dimka alikuwa binamu yake, fundi umeme, nyumba ya ng'ambo ya barabara.

"Wa nini? Miaka thelathini nimetengeneza mabasi."

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema. Nyumba ile ilijengwa na mzee Gancho, baba yake Rayna. Velichko alihamia pale alipooa, na kijijini kwao mwanamume anayehamia kwa wakwe hutaniwa mpaka anazikwa. Miaka arobaini na tano hakuthubutu kugusa ukuta wa mkwe wake. Sasa alitaka aonekane kuwa naye ana mkono katika nyumba ile.

Alizima umeme, akafungua swichi ya jikoni. Ndani mlikuwa na waya mbili. Karatasi ya maelezo ilionyesha tatu.

Alikuna kichwa. Kisha akajiambia kwamba waya wa tatu ni wa kupeleka umeme chini tu, na bomba la maji linaingia ardhini. Akafunga swichi mpya, na waya wake wa tatu akaufunga kwenye bomba chini ya sinki. Alipowasha umeme, swichi ikatoa mwanga mdogo wa bluu na taa ikawaka. Velichko alivimba kichwa, akaenda kujimiminia glasi ya rakia, pombe kali ya matunda.

Rayna akafungua bomba aoshe vikombe.

"Velichko," alisema, "maji yananiwasha kama upupu."

Velichko alishika glasi bila kuelewa. Kisha akaelewa. Alimvuta mkewe kwa aproni, akakimbilia swichi kuu na kuizima.

"Nenda kamwite Dimka," Rayna alisema taratibu.

Dimka alikuja na testa ya kupimia umeme na mfuko wa vifaa. Alichungulia chini ya sinki.

"Shemeji, nani alikudanganya kuwa bomba ni waya?"

Velichko alisogea kumpisha.

"Basi sikiliza, na wewe dada sikiliza. Umeme unakuja kwa waya wa moto, unawasha taa, unarudi kwa waya mwingine. Huo wa kurudi ndio nyutro. Mafundi wa zamani hawakuushusha kwenye swichi. Hapa waya wa moto unashuka, unapita kwenye swichi, unapanda tena kwenda kwenye taa. Nyutro imebaki juu, karibu na dari."

"Na hii mpya?" Velichko aliuliza.

"Hii mpya hailali. Mchana na usiku inasikiliza kitufe, kwa hiyo inakula umeme kidogo na inataka njia ya kurudi. Wewe ukaipa bomba. Dada aliposhika bomba, njia ya kurudi ikawa mkono wake."

Velichko aliketi. Hakuna aliyemcheka.

Dimka alibandua plasta juu ya swichi. Waya za Gancho zikatokea, zimenyooka kama zimepigwa rula. Zilishikiliwa na vipande vya ngozi ya hatamu za farasi, kila kimoja na msumari wake. Wote watatu walisimama wakitazama. Velichko aliona kana kwamba mkwe wake ametoka ukutani kuja kumkagua.

"Nilikuwa na miaka minane," Rayna alisema. "Baba alizungusha swichi, nyumba nzima ikawa nyeupe. Sisi tulipigwa butwaa. Mama akatazama juu, akasema, 'Kumbe tumeishi na masizi yote hayo?' Kesho yake akapaka chokaa."

Dimka aligusa waya mmoja kwa kidole. Ganda lake likamomonyoka kama mkate mkavu.

"Mjomba alifanya kazi safi. Lakini hizi ni waya za alumini, na miaka sitini ni mingi. Sifungi kitu kipya juu ya ganda linalokatika. Na nikiunga shaba na alumini kwa kuzisokota tu, kiungo kitapata moto humo humo ukutani."

Alifungua boksi la fyuzi. "Na huu msumari?"

"Fyuzi iliungua, nikaweka huo," Velichko alisema.

"Ilikuwa inakuokoa. Msumari hauungui, shemeji. Itaungua nyumba kwanza."

"Basi tufanyeje?" Rayna aliuliza.

"Kama waya zingekuwa nzima, tungenunua swichi inayofanya kazi kwa waya mbili. Au tungeweka kifaa kidogo juu, nyutro iliko. Zenu zimechoka. Tutavuta mpya za shaba, tatu tatu: wa moto, nyutro, na wa ardhi. Fyuzi zitoke, ziingie swichi zinazojikata umeme ukizidi. Tuweke kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kwenda kwenye mwili wa mtu. Wewe shemeji utachimba ukuta. Waya niachie mimi."

Velichko alichimba siku tatu, umeme ukiwa umezimwa. Vipande vya ngozi alivitia mfukoni, kimoja kimoja. Siku ya nne Dimka alivuta waya mpya, akafunga swichi zote mbili, akapima kila kiungo, akabonyeza kitufe cha majaribio kwenye kile kifaa kipya. Umeme ukakatika papo hapo. Akaridhika, akaurudisha. Kisha akabandika vitufe vyote viwili, cha jikoni na cha uani, kwenye mkono wa kiti cha Rayna.

Rayna alishusha kiwiko. Jikoni kukawa kweupe. Akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemjaa machozi. Alitazama ukuta, akatazama meza, akatazama dari.

"Velichko," alisema, "kesho utapaka chokaa."

Kesho yake Velichko alipaka chokaa. Jioni alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akipapasa njia gizani kama alivyozoea. Ghafla taa ya uani ikawaka. Hakuwa ameigusa. Dirishani Rayna alikuwa kwenye kiti chake, anamtazama. Velichko alisimama kwenye theluji, mwanga umemzunguka, hajui la kufanya, mpaka mkewe akapaza sauti.

"Ingia basi. Maziwa yanapoa."