Nyota Iliyopewa Jina la Wamucii

Kioo kilinuka uji. Hezekiah, aliyekuwa akiosha vioo vya picha katika kituo cha nyota juu ya Naro Moru, akakinusa tena ndani ya chumba cha giza. Dawa ya kuoshea ilikuwa chachu, lakini hii haikuwa dawa. Ulikuwa uji mchachu wa wimbi, ule aliokuwa akiupenda bintiye Wamucii, waliyemzika mwaka wa sabini na nne. Akakemea kwa jina la Yesu. Harufu haikutoka.

Daktari Haridas, mwana wa muuza vitambaa wa Nyeri, alikuwa akichunguza nyota moja angavu, kubwa kupita jua mara nyingi, iliyo katika galaksi jirani. Nuru yake ilichambuliwa kwa rangi zake, ikawa utepe wa mistari kwenye kioo. Mistari ikisogea upande wa zambarau, nyota inakuja. Ikisogea upande wa nyekundu, inakwenda zake. Nyota yenyewe ilikuwa na nambari tu. Hezekiah, Mungu amrehemu, alikuwa ameiona kama haina mwenyewe, akaandika kwa wino pembeni mwa kioo hicho jina la bintiye: Wamucii.

Tangu hapo kila picha mpya ilionyesha mistari imesogea upande wa zambarau.

"Hii iko na haraka," Haridas akasema polepole. "Nyota haiji namna hii, Hezekiah."

Nyumbani, mkewe Murugi, aliyekuwa mjamzito, akamwambia mtoto ameacha kucheza tumboni. Wakamwita mkunga Kagure, mama wa maombi. Akaomba, akapapasa, kisha akauliza ni nani amekipa kitu kingine jina la marehemu Wamucii, maana kwa desturi lilikuwa likimngoja huyu atakayezaliwa. Hezekiah akainama, akakiri.

"Si pepo wa kukemewa, Baba Wamucii," Kagure akanong'ona. "Ni mtoto. Umemwita, na hukumwekea mwili. Nenda umrudishe alikotoka."

Asubuhi akajifungia gizani na kile kioo, harufu ya uji ikajaa, dawa ikatetemeka kwenye karai, na kutoka ndani ya kioo kidole kidogo kikagonga, taratibu, kama Wamucii alivyokuwa akigonga mlango wa zizi akimtafuta babake, naye Hezekiah akatamani kumkumbatia, akamkumbuka yule aliyenyamaza tumboni, akalowesha kidole gumba kwa mate, kama wazee wanavyobariki, akaanza kulifuta lile jina.

"Baba, huku ni baridi."

Akafuta mpaka herufi ya mwisho.

Picha iliyofuata, mistari ilikuwa imeelekea nyekundu. Nyumbani mtoto akapiga teke, Murugi akacheka huku analia.

Hezekiah alibaki gizani, kioo mkononi. Akakigonga, taratibu. Akasikiliza. Akagonga tena.