Nyuzi Thelathini na Saba

Jioni ile ya Novemba nilikuwa hoi. Siku nzima nilishinda nimeinama juu ya kompyuta za watu wa Darwin, kaskazini mwa Australia, nikizitengeneza, na fukuto la kungoja mvua lilikuwa limenimaliza. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Noelene Strachan, aliyemzika mumewe, Clive, mwezi Aprili.

Wateja wangu wote hulalamika kwamba kompyuta inachemka. Yeye alininong'oneza mlangoni:

“Inapoa, mwanangu. Nataka ibaki thelathini na saba.”

Ilikuwa kompyuta ya kuchezea gemu, ya marehemu. Haikuwa imezimwa tangu mazishi. Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kikiunguruma, na joto la prosesa, ubongo wa mashine, lilisoma nyuzi thelathini na mbili. Nikadhani feni zake zinapuliza kupita kiasi. Nikapunguza kasi ya zile mbili za mbele, kisha ile ya nyuma.

Thelathini na tano.

Thelathini na sita...

Harufu ya tumbaku ikatoka kwenye matundu ya nyuma.

Thelathini na saba.

Chumba cha pili, mtu akakohoa.

“Nani yule?”

“Clive.” Hakugeuka hata. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. “Ikishuka, ananyamaza. Nashinda naichunga, mwanangu. Usiku na mchana.”

Kitanda kikalia. Miguu ikaburuzwa sakafuni, polepole... ikakoma nyuma ya mlango.

“Noelene...” Sauti ilikuwa kavu, imechoka kuliko mimi. “Niache nilale, mke wangu.”

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikamgeukia Bi Noelene.

“Umemsikia, mama,” nikanong'ona.

Aliitazama ile namba kwenye skrini. Kisha akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Nikafungulia feni zote mpaka mwisho. Zikavuma. Thelathini na nne. Thelathini. Ishirini na saba.

Nyuma ya mlango, kitu kilishusha pumzi ndefu.

Nikaizima kompyuta, nikachomoa waya. Nilipofungua mlango, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake adhuhuri Bi Noelene alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nzito kwa usingizi.

“Nimelala, mwanangu! Hata viatu sikuvua, nilianguka tu kwenye kochi. Nimeamka nimefunikwa shuka, imechomekwa vizuri mpaka miguuni.” Akasita. “Ni wewe uliyenifunika?”

“Ndiyo, mama.”

Nilimdanganya. Nilipoondoa gari jioni ile, alikuwa bado amesimama kibarazani, ananipungia mkono.